Kikwembe cha Ndani

Mwezi uliopita tulimzika Nyandwi kule Runingu, na mimi ndiye niliyepika. Maharage ya mawese, sombe ya majani ya muhogo, bugali wa muhogo wa kusongwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, vyote vilipita katika mikono yangu hii, na watu wa kilio walikula mpaka wakalamba vidole. Nilisimama kando ya mafiga nikiwaangalia. Asiyenijua angesema huyu mzee analinda nyama isiibiwe. Mimi nilikuwa naangalia midomo. Katika uwanja huo huo, chini ya ukuta huo huo wa matofali mabichi, kuna siku nilipika nikaishia kuwamwagia kuku chakula chote, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekubali kukitia mdomoni. Sasa mama mmoja kijana aliniletea sahani yake tupu, akasema, “Tate,” kama tunavyoita bibi au babu kwetu, “uniongezee kidogo,” nikamwongezea, nikageuza uso upande wa moshi ili machozi yapate wa kulaumiwa.

Nyandwi alikuwa bamwana wangu, mwanamke mwenzangu ambaye mtoto wake wa kiume alimuoa binti yangu. Wengine wakizeeka wanasimulia ujana wao. Ujana wangu ulikuwa wa kubeba tu: maji, kuni, mimba. Mwaka ulionifanya kuwa huyu mnayemsalimia leo kwa mikono miwili ulinikuta na mvi kichwani na meno yameanza kuniaga. Ni mwaka ule vita viliposhuka bondeni, na Faida, mjukuu wetu mimi na Nyandwi, akaomba nafasi ya kusoma masta ya kazi ambayo kwetu Uvira haikuwa hata na jina.

Kuna jambo moja la nyuma ambalo lazima niliseme, kisha silirudii. Faida alikuwa na wadogo wake wawili, Bahati na Espoir. Wote wawili walizaliwa wazuri, halafu, hata meno hayajatimia, mikono na miguu ikaanza kuvimba, macho yakawa ya njano kama mawese, na mtoto analia mifupa. Bahati alikufa. Espoir akamfuata. Kwenye kilio cha huyo wa pili, kule Runingu, nilikopika mimi, Nyandwi alisimama mbele ya watu, akakaza kikwembe chake kiunoni, akasema: “Kuku akiliwa mara kwa mara, usitafute kicheche ku pori. Tafuta mu nyumba.” Hakutaja jina. Macho yake, yaliyokuwa juu yangu, yalikwisha kunitaja kuwa mchawi. Watu wakahama kwenye mkeka wangu mmoja mmoja, huyu anakwenda kunywa maji, yule ameitwa, mpaka nikabaki peke yangu na sahani yangu mapajani. Faida wakati ule alikuwa msichana mdogo, hata kifua hajaanza kukificha. Alitoka upande wa pili wa uwanja, akaja akakaa kwangu goti kwa goti, akavuta sahani yangu, akala. Nyandwi akamwita, “Faida! Kuya huku!” Yeye akatafuna, akameza, akasema, “Bado nakula.”

Baada ya hapo wazazi wake walihamia Kalemie na huzuni yao, na yeye akaja kusomea kwangu. Nyumba yangu iko Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi: vyumba viwili, sebule, na dirisha moja lenye maana. Rezo ya Kongo, yaani mtandao wa simu, inaweza kufa hata wiki, lakini dirisha hilo linatazama upande wa pili, na rezo ya Burundi inaingia hapo kama paka wa jirani, bila hodi. Wachuuzi wote wa mtaa walilijua. Hapo Faida alisomea, hapo akawa muuguzi, akapata kazi katika kituo kimoja cha afya kule Kasenga. Na hapo, siku moja tukila ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaniambia kuna masomo anataka kuomba, kwenye chuo cha mbali kinachofundisha kwa Kifaransa.

“Ya dokteri?” nikamuuliza.

“Hapana, Tate. Kuna magonjwa inatembea mu damu, kutoka kwa bazazi kuya kwa batoto. Minye nitakaa na baba na mama, nibasikilize, nibaeleze ile ugonjwa inatoka wapi na inaweza kurudi namna gani. Kisha bao benyewe njo batachagua bafanye nini.”

“Na dawa gani utabapa?”

“Sitabapa dawa.”

“Sindano?”

“Hata sindano.”

“Njo kusema unaenda kusoma kuongea!” Nikapiga makofi. “Weye Faida! Ulianza kuongea mbele ya kutambaa, mutaa yote ilikuwa inaomba unyamaze kidogo, sasa unataka bakupatie diplome yake!”

Alicheka mpaka ndagala wakampalia. Nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi alinitazama, akasema polepole, “Kuongea kunasomewa, Tate. Ni maneno njo iliondoa bantu ku mukeka yako.” Nikaacha kutafuna. Tangu kilio kile hatukuwa tumelitaja jambo lile, hata kwa kulizunguka. Nikamwambia, “Basi omba.” Na nikitaka kitu, mimi sikitaki kidogo.

Vita vikashuka wakati mpunga umekomaa. Wa bondeni walianza kupita na magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto wameshika mikia ya mbuzi. Nikatoka kufagia uwanja, nikamkuta Nyandwi amesimama mlangoni na mkeka kichwani na sufuria mkononi. Miaka yote ile hatukuwa tumesalimiana.

“Bamwana,” akasema.

“Bamwana,” nikajibu.

“Ku Runingu banapiga.”

“Ninasikia.”

“Sina kwengine.”

“Sikukuuliza kitu.” Nikasogeza ufagio, akapita.

Nilimpa chumba cha nyuma, kile chenye pazia la kitenge badala ya mlango. Sisemi nilimpa kwa upendo. Nilimpa kwa sababu vita ni mvua, na hata adui yako humwachi mvuani, watu watakusema. Lakini yule mwanamke, ndani ya nyumba yangu, akaokota mawe yake matatu, akayapanga upande wa pili wa uwanja, akawasha moto wake. Maji alichota mwenyewe. Chumvi alikuwa nayo, amefunga kwenye ncha ya kikwembe. Nikawa na mioto miwili katika uwanja mmoja, na jirani yangu mwenye kubadilisha pesa mpakani akachungulia juu ya ukuta: “Mama, kwako kumekuwa restora?” Nikamwambia mgeni wangu ana tumbo la kizungu. Asubuhi na mapema tulikuwa tunaanza: “Nyandwi, moshi yako inaingia mu macho yangu.” “Yako njo ilianza.” Faida alipita katikati na ndoo yake, akitusalimia kila mmoja kwa sauti ile ile, wala hakuongeza asali upande wowote.

Kuomba chuo wakati wa vita ni kama kufua nguo siku ya vumbi. Faida alirudi kutoka kazini kwa miguu, anaketi kwenye dirisha, anaandika dosye yake, faili la maombi, mpaka simu inazima. Milio ya bunduki ikisogea tunakimbilia ziwani na majirani, tunalala mchangani penye kuanikwa ndagala, tunarudi tunanuka samaki. Diplome zake nilizitunza mimi. Niliziviringisha kwenye plastiki, nikazifunga tumboni, chini ya kikwembe cha ndani. Wanawake wa kwetu tunavaa viwili, hata jua likiwa kali namna gani: cha nje ni kile kizuri, cha watu, cha ndani ni kile kilichochakaa, kimetoboka, unakijua wewe na mwili wako. Nilikimbia na diplome za mtoto tumboni kama mwenye mimba, na nawaambia, mimba zangu zote sikuzibeba kwa fahari ile. Nyandwi alikimbia nyuma yangu na sufuria yake. Hata kwenye mchanga alilala mbali nami, kiasi cha mtu kupita.

Jibu la kwanza lilikuja: dosye imependeza, sasa wanataka kumwona na kumsikia kwenye simu, siku fulani, asubuhi. Wakisema ndiyo, wanalipia masomo yote. Wakisema hapana, basi, hakuna mlango mwingine aliokuwa ameupata. Wakati ndio huo milio ilikuwa imekaribia hata Uvira, na rezo ya upande wetu ilikuwa imekufa kabisa. Nilizunguka mtaa mzima. Mwenye kinu cha kusaga unga nilimwomba azime injini yake. Wanakwaya wa jirani niliwaambia Mungu anasikia hata wakiimba mchana. Niliwafukuza wachuuzi kwenye dirisha langu. “Kuna nini kwako, Mama?” “Kuna bantu banakuya kuangalia binti.” Wote wakaelewa, wakaheshimu, maana wakwe wakija kumwangalia binti, mtaa unatulia.

Nami niliamini hivyo hivyo kabisa. Faida alinieleza, “Tate, banasema niwe peke yangu mu chumba.” Nikamwambia sawa. Lakini tangu lini binti anaangaliwa na wageni peke yake, bila mkubwa wa kukaa karibu naye? Wangesema hana kwao. Simu ilipoita nilikuwa nimekwisha kuketi kwenye kiti kidogo pembeni yake, nimevaa kikwembe changu cha sikukuu na kitambaa cha kichwa cha rangi ile ile. Alinikazia macho. Nikaangalia dari.

Walikuwa watatu kwenye kioo kile kidogo: mzee mzungu mwenye miwani, msichana wa kuandika, na mama mmoja mweusi mnene, mwenye uso wa kutokuwa na haraka. Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour na bei ya samaki, ila sauti ya mtoto wangu naijua. Haikuwa sauti yake. Alikuwa anajibu kama mtoto anayesema katekisimu mbele ya padri, maneno yamenyooka, hayana damu. Mzee akauliza, yeye akasoma kichwani mwake, mzee akatikisa kichwa bila kuandika. Nikaona kabisa mtoto anatupotea hivi hivi huku nimekaa. Nikasogeza kiti. Kikalia, kikakwaruza sakafu, na yule mama mnene akainua macho, akasema kwa Kiswahili, kile cha Lubumbashi, “Na ule mwenye kitambaa muzuri, ni nani?”

Faida akafumba macho. “Ni tate yangu. Mutusamehe. Nilimwambia...”

“Jambo yenu bote,” nikasema, nikaingiza kichwa kwenye kioo. “Mutoto hana kosa. Kwetu binti haangaliwe peke yake.”

Mama yule alicheka, akawatafsiria wenzake, wote wakacheka, hata mzee. Kisha wakaongea kidogo kati yao, na yule mama akasema: “Faida, tulitaka kukupa mugonjwa wa kuigiza. Sasa hatuna lazima. Muelezee tate yako juu ya nini bandugu zako balikufa. Umuelezee yeye. Sisi utusahau.”

Nyuma ya pazia la kitenge nilisikia mkeka wa Nyandwi unalia, kisha ukaacha kulia, kama mtu anayejizuia kupumua.

Faida aliiweka simu vizuri dirishani, akanigeukia na magoti yake yakanigusa. Akashika upindo wa kikwembe changu cha sikukuu, akauinua, mbele ya maprofesa! Kile cha ndani kikaonekana na matobo yake. Nikampiga mkono. Hakuuachia.

“Tate, hapa umevaa bikwembe ngapi?”

“Mbili. Kama kila mwanamuke mwenye akili.”

“Damu ni vile. Kila muntu anazaliwa na mbili, moja ya mama, moja ya baba. Ile ya nje ikiwa nzima, inafunika ile ya ndani yenye kutoboka. Unatembea, unalima, unazeeka, hakuna anayejua, hata weye mwenyewe hujue. Ukizaa, unamupa mutoto moja tu.”

“Namupa ile nzuri.”

“Huchague, Tate. Unapana, unatoa tu, macho imefungwa. Mama alikuwa na moja yenye kutoboka, iko chini ya nzuri. Baba vilevile. Minye, kati ya zile zangu, nilipata ya kunifunika. Bahati na Espoir balipata zile mbili zenye kutoboka. Hawakuwa na kitu cha kujifunika.”

Nilizielewa zile nguo kuliko nilivyowahi kuelewa mahubiri yoyote. Na nilipoelewa, swali likapanda lenyewe, lile nililokuwa nimelilalia tangu Runingu. “Na mama yako,” nikasema, “ile yenye kutoboka aliipata kwa nani? Kwangu?”

Sikilizeni vizuri mahali hapa. Watu wa chuo walikuwa wanatazama. Mtoto alijua ninachotaka. Nilitaka aseme hapana, Tate, si weye, aseme kwa nguvu, pazia lisikie, Uvira isikie, na vita visimame visikie. Ingemgharimu neno moja tu. Alishika mikono yangu yote miwili.

“Inaweza kuwa weye,” akasema. “Inaweza kuwa tate mwanaume, mume wako. Sijue. Hatukupima.”

Nilivuta mikono. Yeye hakunikimbilia na maneno matamu. Alikaa. Bunduki ililia mbali upande wa bondeni, na yeye akakaa tu, ananitazama, kana kwamba tuna siku nzima. Nilipata nafasi ya kukasirika mpaka hasira ikaisha. Ndipo akasema: “Kupana si kuua, Tate. Hata ukiwa weye, ulimupa mama ile ulipewa. Haukukula muntu.”

Na kutoka nyuma ya pazia, sauti ya Nyandwi, kavu kama jani la muhindi: “Na upande ya baba?”

Faida hakugeuka haraka. “Vilevile, Tate. Inaweza kuwa weye. Inaweza kuwa mume wako. Si kosa ya muntu.”

Yule mama kwenye kioo alifungua mdomo kusema neno, na hapo hapo akasimama hivyo, mdomo wazi, kisha kioo kikawa cheusi. Rezo ya Burundi nayo ilikuwa imekufa. Faida aliita, akaita tena, akatoka uwanjani na simu juu ya kichwa. Hakuna. Aliporudi alikaa sakafuni na viatu vyake, akasema, “Nimepoteza, Tate. Nilikuwa niwaonyeshe ninavyojua, nimekuliza tu.” Nikamwambia minye sikulia, ni moshi. Hakukuwa na moto wowote uliowaka asubuhi ile.

Saa ya kula nilisonga bugali. Nyandwi alitoka nyuma ya pazia, akapita mawe yake matatu bila kuyatazama, akaja akaketi kwenye mkeka wangu. Akavuta sahani yangu. Mwanamke mmoja wa Runingu, mkimbizi kama yeye, alikuwa anachota maji kwenye bomba letu, akaangusha kikombe. “Nyandwi! Unakula kwa nani? Kuya hapa!” Nyandwi akafinyanga tonge, akalichovya, akatafuna polepole, akameza.

“Bado nakula,” akasema. Kisha akanigeukia, na midomo bado ina mawese. “Bamwana, hii chumvi haitoshi.”

“Weye njo una chumvi yote,” nikamwambia. “Fungua ile ncha.” Akafungua ncha ya kikwembe, akatia chumvi yake katika mboga yangu. Msamaha mwingine hatukuombana, na sijaona aliyeombwa kwa maneno akashiba kama nilivyoshiba siku ile.

Jibu lilichelewa. Rezo ilipofufuka, Faida alikuwa Kasenga, na simu nyingine ya kushika habari hatukuwa nayo. Nilimwona anakuja mbio barabarani, viatu mkononi, nikadhani milio imefika sokoni, nikaanza kujifunga diplome. Kumbe alikuwa anacheka. Walimchukua. Yule mama wa Lubumbashi alimwandikia kwamba kueleza kunafundishwa, ila kukaa kimya karibu na mtu aliyeumizwa na ukweli, bila kumdanganya, hicho hawajui wangekifundisha vipi. Nilimfanya anisomee maneno hayo mpaka jirani wa mpakani akaomba tumpumzishe. Sikumpumzisha. Nilimwambia, “Ile kimya, mutoto aliisomea kwangu.” Nasema hivyo mpaka leo.

Baadaye, kabla hajaondoka, mimi na Nyandwi tulikwenda kupimwa damu. Majibu yangu nayajua, naye yake aliyajua, na tulikwisha kuambiana. Hapa siyasemi. Faida alitufundisha kwamba damu ya mtu si habari ya sokoni.

Tulimsindikiza mpakani kwa miguu, asubuhi, siku mpaka ulipofunguliwa kidogo. Wabadilisha pesa walikuwa kwenye viti vyao na mabunda yao, madereva wanapiga honi, watu wa duane, yaani forodha, wanaita majina. Nilimfungulia diplome zake tumboni mwangu, zina joto. Ndipo Nyandwi akauliza, “Kule iko baridi?” Faida akasema, “Banasema iko baridi sana, Tate.” Na Nyandwi, mwanamke mwenye kiburi kuliko wote niliowahi kuwajua katika bonde lile, akafungua kikwembe chake cha nje palepale, kile kizuri chenye ndege wa buluu, akamfunika Faida mabegani. Akabaki na cha ndani, na kilikuwa na tobo pajani kubwa kama kiganja. Vijana wa pesa wakaanza kupiga miluzi: “Mama, unauza na hiyo?”

Mimi sikubali kushindwa na Nyandwi. Nilifungua changu cha sikukuu nikakifunga juu ya cha kwake. Faida akalia, akatukumbatia wote wawili kwa mkono mmoja mmoja, akapita kizuizi bila kutazama nyuma, kama nilivyomfundisha.

Tukarudi katikati ya barabara kubwa ya Kavimvira, vikongwe wawili na matobo yetu mchana kweupe, hatua kwa hatua, vichwa juu. Watu wakauliza, “Nyinyi, bamewaibia?” Nyandwi akawajibu, “Tumepana.”